Kabla Hujaiwasha, Zijue Gia Zake

Ukiazimwa pikipiki, maswali mawili hukutoka bila kufikiri: ina mafuta, na breki zinashika? Swali la tatu ni wachache wanaouliza, nalo ndilo linaloangusha watu: gia zake zinaingiaje? Tumezoea kudhani kwamba aliyejua pikipiki moja amezijua zote. Kwa usukani na mkono wa mafuta, ni kweli. Kwa gia, si kweli hata kidogo. Mguu wa kushoto una mazoea yake, na mazoea hayo hayasubiri ruhusa ya kichwa. Aliyejifunza kukanyaga mbele ili gia ipande atakanyaga mbele hata siku aliyopanda chombo ambacho kukanyaga mbele ni kushusha.

Tazama kinachotokea. Dereva yuko kwenye kilomita 60 kwa saa, gia ya tatu, abiria nyuma. Anataka ya nne. Anakamata klachi, anakanyaga, anaachia klachi. Kumbe ameingiza ya pili. Injini inalia, tairi la nyuma linashikwa ghafla na kuserereka, abiria anamwangukia dereva mgongoni. Lami ikiwa kavu, huenda wakapona na hofu tu. Kwenye vumbi, au lami iliyonyeshewa, pikipiki inalala. Wanaokuja kuwainua watasema breki zilikatika au mwendo ulikuwa mkali, na hakuna atakayeitaja pedali ya gia.

Vijiweni na kwenye gereji pikipiki hugawanywa mafungu mawili, za zamani na za kisasa, kana kwamba ukijua mwaka wa chombo umejua na gia zake. Naomba ndugu msomaji uachane na mgawanyo huo. Ziko pikipiki zinazotoka kiwandani leo zikiwa na mpangilio wa gia wa miaka ya 1950, na ziko kuukuu za miaka ya 1970 ambazo gia zake zinakwenda sawasawa na za pikipiki mpya ya dukani. Umri utakueleza mengi kuhusu kinga zilizowekwa kwenye chombo, ila hautakwambia mguu wako ukanyage wapi. Hilo utaliuliza kwenye pikipiki yenyewe, na namna ya kuliuliza nitaieleza.

Kwanza tuingie ndani ya injini, maana anayejua pedali inasukuma nini hubadili gia kwa mkono na mguu mwingine kabisa. Ndani ya giaboksi kuna shafti mbili zenye magurudumu ya meno, na magurudumu hayo yameshikana muda wote, hata pikipiki ikiwa frii. Yapo yanayozunguka ovyo juu ya shafti bila kuivuta, na yapo yanayoweza kuteleza kushoto na kulia. Ubavuni yana meno makubwa, mafupi na manene. Gurudumu linaloteleza likisogea, meno yake ya ubavuni yanaingia kwenye nafasi za jirani yake, kama vidole vya mikono miwili vinavyofumbatana, na hapo nguvu inapita. Hiyo ndiyo gia kuingia. Ule mlio wa "tak" unaousikia ukiingiza ya kwanza ni meno hayo yakikutana.

Kinachoyasogeza ni vyuma vyenye panda, na panda hizo zinaongozwa na dramu ndogo iliyochongwa mifereji iliyopinda. Ukikanyaga pedali, dramu inazunguka hatua moja. Mifereji inasukuma panda, panda inasukuma gurudumu. Kisha springi inairudisha pedali katikati, tayari kwa hatua nyingine. Ndiyo maana kanyago moja ni gia moja, hata ukanyage kwa nguvu za ng'ombe. Na ndiyo maana kanyago la nusu ni hatari: dramu inasimama kati ya hatua mbili, meno hayajashikana, injini inapiga kelele tupu na gurudumu halivutwi. Madereva huiita frii ya uongo. Ikikukuta mbele ya lori linaloharakisha utaelewa kwa nini nasisitiza: kanyaga hadi mwisho, achia pedali kabisa, ndipo ukanyage tena.

Utaratibu huu wa dramu na panda umebaki ule ule kwa miongo mingi. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976, wakiilenga kwenye nchi ambako pikipiki hufanya kazi ngumu na matunzo ni haba, walichagua injini rahisi na imara. Sehemu kubwa ya pikipiki za Kichina zilizojaa kwenye barabara zetu zimezaliwa na injini hiyo. Fundi aliyezoea giaboksi ya CG hashangai akifungua ya Kichina ya juzi. Ndani, zamani na sasa zinasalimiana kwa jina. Tofauti ziko nje: mahali pedali ilipo, mwelekeo inakokwenda, na kinga zilizoizunguka.

Mahali pedali ilipo ni habari inayoweza kupita haraka, isipokuwa kwa anayenunua chombo cha kale. Pikipiki za mwanzo zilikuwa na mti wa gia kando ya tangi la mafuta, na dereva aliuachia usukani mkono mmoja kila alipobadili. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Velocette ya Uingereza ikaleta pedali ya mguu inayorudi katikati baada ya kila hatua, nayo ndiyo mama wa hizi zetu. Harley-Davidson kubwa za Marekani zilianza kuuzwa na gia ya mguu mwaka 1952. Vespa, iliyozaliwa Italia mwaka 1946, ilichukua njia yake: gia iko kwenye mshikio wa mkono wa kushoto, unakamata klachi na kuuzungusha mshikio wote pamoja nayo mpaka namba unayoitaka ikae sawa na alama. Waliokulia Zanzibar wanazijua vizuri. Kwa mwenye Vespa ya namna hiyo nina neno moja: gia ikianza kuruka, usikubali injini ifunguliwe siku hiyo hiyo. Gia zake zinavutwa na waya mbili, na waya hulegea. Zirekebishwe kwanza, zipakwe mafuta, ujaribu tena. Gia ikiendelea kuruka, basi chuma chenye umbo la msalaba kilichomo ndani kimelika, na hapo kufungua ni lazima.

Kisha kuna suala la mguu wa kulia. Pikipiki za Uingereza za zamani, kama BSA, Triumph na Norton, zilikuwa na gia kulia na breki ya nyuma kushoto. Marekani, ambako ndiko zilikouzwa kwa wingi, iliagiza kwamba pikipiki zote zitakazotengenezwa kuanzia Septemba 1974 ziwe na gia kushoto, na viwanda vikafuata. Royal Enfield Bullet za India ziliendelea na gia ya kulia hadi miaka ya 2000, zikiwa na pedali ndogo ya pili ya kisigino inayokurudisha frii moja kwa moja kutoka gia ya pili, ya tatu au ya nne. Ukipata bahati ya kupanda mojawapo ya hizi, usiingie nayo barabara kuu siku ya kwanza. Kubadili gia utazoea haraka, ila breki itakusumbua, kwa sababu ng'ombe akikatiza ghafla mguu wako wa kulia utaruka wenyewe na kukanyaga gia.

Sasa tuje kwenye mwelekeo, maana hapa ndipo mifupa inapovunjika.

Mpangilio ulioenea zaidi duniani ni wa moja chini, nyingine juu. Ukiwa frii unakanyaga mara moja, unapata ya kwanza. Kutoka hapo unainua pedali kwa vidole: ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Frii imejificha kati ya kwanza na pili, na unaipata kwa kuinua au kukanyaga nusu tu. Uzuri wake ni kwamba ukikanyaga ovyo kwa hofu, mara nyingi utakavyo, utaishia ya kwanza na hakuna zaidi. Honda XL125, Yamaha AG100 na Suzuki TF125 ambazo mabwana shamba na wahudumu wa afya wa vijijini walizipanda miaka mingi ziko hivi, na pikipiki nyingi kubwa za leo ziko hivi.

Mpangilio wa pili ni wa kukanyaga mbele tu. Frii iko juu kabisa, na kila kanyago la vidole linapandisha: kwanza, pili, tatu, nne. Kushusha ni kwa kisigino, kwenye ncha ya nyuma ya pedali. Umeenea kwenye pikipiki ndogo, za Kichina na za Kihindi, na kuna sababu nzuri. Dereva aliyevaa kandambili au viatu vya wazi akiinua pedali ya chuma kwa vidole siku nzima, jioni anachechemea. Kukanyaga hakumuumizi. Pia frii haipatikani kwa bahati mbaya kati ya kwanza na pili. Wapo watengenezaji waliougeuza mpangilio huu kinyume, ukawa wa kwenda juu tupu, na ndiyo sababu ya kutokubali kubahatisha kwa kuangalia umbo la pedali. Pedali yenye ncha mbili inaweza kufungwa kwenye mpangilio wowote.

Wa tatu ni wa mzunguko. Unakanyaga mbele hadi gia ya mwisho, na ukikanyaga tena unarudi frii, kisha ya kwanza. Mjini ni raha tupu: umesimama kwenye taa ukiwa na gia ya nne, kanyago moja tu uko frii, huhitaji kurudi ngazi zote. Lakini fikiri juu ya dereva aliye kwenye mwendo kasi, amesahau kwamba tayari yuko gia ya mwisho, akakanyaga kutafuta nyingine. Anapata frii. Anashangaa pikipiki haivuti, anakanyaga tena. Sasa ameingiza ya kwanza kwenye mwendo wa kilomita 70. Sihitaji kueleza kinachofuata.

Watengenezaji waliliona hilo, na pikipiki nyingi za karibuni zenye mzunguko zimewekewa kizuizi: gurudumu likiwa linatembea, gia ya mwisho haiendi frii, lazima usimame kwanza. Hii ni moja ya tofauti za kweli kati ya za zamani na za sasa. Ubaya ni kwamba ukiijaribu pikipiki ikiwa imesimama, yenye kizuizi na isiyo nacho zinajibu sawasawa. Zote zitakurudisha frii. Basi ushauri wangu ni kuichukulia kila pikipiki ya mzunguko kama haina kizuizi, na kuhesabu gia zako. Kama taa za namba kwenye dashibodi zinafanya kazi, zitazame. Kama zimekufa, zitengenezwe; gharama ya balbu na waya si kitu.

Namna ya kuiuliza pikipiki ni hii. Isimamishe kwenye stendi ya katikati, injini ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa ili taa ya kijani ya frii ionekane. Kama haina stendi ya katikati, mwenzako aiinamishe kwenye stendi ya pembeni hadi tairi la nyuma lining'inie. Hakikisha iko frii, kisha zungusha tairi la nyuma kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukibonyeza pedali chini mara moja. Usiache kuzungusha, kwa sababu gurudumu likisimama meno hayapishani na gia inakataa kuingia, ukadhani imeisha. Tairi likawa zito, umepata ya kwanza. Bonyeza tena. Pedali ikigoma kabisa, uko kwenye moja chini, nyingine juu: iinue polepole uione frii ikiwaka nusu ya njia, kisha iinue hadi mwisho uhesabu ziko ngapi. Ikiendelea kushuka na tairi likibadilika uzito kila hatua, uko kwenye kukanyaga mbele. Hesabu, na baada ya ile ya mwisho acha tairi lisimame, kisha bonyeza mara moja zaidi uone kama taa ya frii inawaka. Ikiwaka, ni ya mzunguko. Na kama tangu mwanzo pedali ilikataa kwenda chini lakini inakubali kwenda juu, umekutana na ule wa kwenda juu tupu. Kazi yote hii haimalizi muda wa kunywa kikombe cha chai.

Baada ya hapo tafuta uwanja mtupu. Anayehama kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine asibebe abiria siku hiyo, na apande na kushuka gia huku akizitaja kwa sauti: pili, tatu, nne, tatu, pili. Mdomo unaulazimisha mguu kusubiri kichwa. Mwenye pikipiki kadhaa alizowakabidhi vijana, nakusihi usichanganye mipangilio. Kijana anayeamka na Boxer, mchana akapewa Haojue, jioni akarudishiwa ya kwanza, anaendesha kwa kubahatisha, na siku akishtuka ndipo mguu utachagua vibaya.

Kuna familia moja inayostahili maelezo yake peke yake, yaani zile zisizo na klachi ya mkono. Baba yao ni Honda Super Cub ya mwaka 1958, chombo ambacho hadi mwaka 2017 vilikuwa vimetengenezwa zaidi ya milioni 100, kuliko chombo kingine chochote cha injini duniani. Soichiro Honda na mshirika wake Takeo Fujisawa walitaka pikipiki ambayo mpeleka chakula wa Japani angeiendesha kwa mkono mmoja, sahani zikiwa kwenye mkono mwingine. Wakaiunganisha klachi na pedali ya gia. Ukikanyaga, nusu ya kwanza ya safari ya pedali inaachanisha klachi, nusu ya pili inazungusha dramu. Ukiachia, klachi inashika tena. Watu huiona rahisi na kuidharau, halafu huiendesha kwa ukatili, wakikanyaga na kuachia kwa ghafla hadi pikipiki inaruka. Pedali hiyo ndiyo klachi yako. Iachie polepole kama ambavyo ungeachia ya mkono. Na kamwe usivute mafuta ukiwa umeikanyaga, maana siku mguu utateleza pikipiki itaruka kama swala. Ikianza kukokota hata ukiwa umesimama, mwambie fundi arekebishe skrubu ya klachi iliyofungwa na nati kwenye kava la upande wa kulia, kabla hajafikiria kubadili chochote.

Kwenye pikipiki zenye klachi ya mkono, lawama nyingi zinazopelekwa kwenye gia ni za klachi. "Frii haipatikani injini ikipata moto." "Gia ya kwanza inaingia kwa kishindo." Shika ncha ya mkono wa klachi uusogeze: panapaswa kuwa na ulegevu wa milimita 10 hadi 20 kabla hujasikia uzito. Ukiwa umezidi, klachi haiachii yote, sahani zinaendelea kuburuzana, na gia zinagoma. Ukiwa haupo kabisa, klachi haishiki yote, inateleza na kuungua, na utaiona injini ikipanda mlio mlimani bila pikipiki kuongeza mwendo. Marekebisho yapo kwenye skrubu ya waya, hapo hapo mkononi. Na frii itafute gurudumu likiwa bado linazunguka kidogo, kabla hujasimama kabisa. Ukishasimama ikakataa, achia klachi kidogo sana au isukume pikipiki mbele na nyuma kwa miguu, meno yapishane. Usiipige teke. Anayeipiga teke analipa panda zilizopinda.

Oili ni jambo jingine ambalo zamani halikuwa na utata. Kwenye pikipiki nyingi, oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayoogesha klachi na gia. Oili nyingi za magari ya kisasa zimetiwa viambato vya kupunguza msuguano ili kuokoa petroli, na klachi ya pikipiki inaishi kwa msuguano. Ukiitia humo, klachi itateleza. Nyuma ya chupa tafuta alama ya JASO MA au MA2. Hiyo ni oili iliyopimwa kwa klachi inayozama kwenye oili. JASO MB ni ya skuta ambazo klachi yake haiguswi na oili ya injini, usiitie kwenye yako. Pikipiki ndogo hubeba takribani lita moja tu, na lita moja inayofanya kazi tatu kutwa nzima kwenye jua letu inachoka mapema. Fuata kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu chake, na wakati wa kuimwaga ipitishe kwenye kitambaa cheupe. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyong'aa ambavyo kidole kinavihisi ni meno ya gia yanaagana nawe.

Sasa pedali yenyewe. Imevalishwa kwenye shafti yenye mistari midogo midogo, na bolti moja, kwa kawaida ya spana namba 10, inaibana. Bolti ikilegea, pedali inacheza juu ya mistari kila unapobadili gia, inaisaga taratibu, mpaka siku unakanyaga na pedali inazunguka peke yake. Kimbilio la wengi ni kuchomelea. Nawasihi mafundi waache. Pedali lazima itoke ili kava la kushoto lifunguliwe, na joto la kuchomelea linaunguza sili iliyo nyuma yake, oili inaanza kuvuja. Pedali mpya ni bei ndogo kuliko kazi ya kukata uliyoichomelea. Kaza bolti hiyo kila unaposafisha pikipiki. Na ukiwa umebadili aina ya viatu, ivue pedali uisogeze mstari mmoja juu au chini. Mguu unaopinda vibaya ndio unaotoa makanyago ya nusu.

Anayenunua pikipiki iliyotumika asiridhike kuisikiliza ikiunguruma imesimama. Aiendeshe, na kwenye kila gia avute mafuta kwa nguvu kisha aachie ghafla. Gia inayochomoka yenyewe hapo, hasa ya pili, ina meno yaliyolika kona, na dawa yake ni kufungua injini yote. Atazame kama pedali imechomelewa, na kama kava la spoketi ya mbele limelowa oili.

Pikipiki za karibuni zimekuja na ulinzi ambao wageni huuona kama ubovu. Nyingi haziwaki zikiwa kwenye gia mpaka ukamate klachi. Nyingine huzima mara tu unapoingiza gia huku stendi ya pembeni ikiwa chini, na mwenye nayo anahangaika kubadili plagi bure. Kila swichi ya namna hiyo iliwekwa kwa sababu kuna mtu aliumia, na fundi anayeziunganisha waya moja kwa moja ili "asisumbuke" anakuondolea kinga uliyoilipia. Tofauti nyingine ni kwenye mteremko. Wapo wanaoweka frii kutoka juu ya mteremko wa Kitonga au wa Lushoto ili kuokoa petroli. Kwenye chombo chochote ni kujiua, kwa sababu unaziachia breki peke yake mzigo ambao injini ingeubeba, na breki zikipata moto zinalegea. Kwa pikipiki zenye mfumo wa sindano badala ya kabureta hata hesabu yenyewe ni ya hasara: mifumo mingi hukata petroli kabisa ukiachia mkono wa mafuta gia ikiwa imeingia, ilhali ukiwa frii injini inakunywa ili isizime. Shuka na gia uliyopandia.

Kuna vijana wanaopandisha gia bila kukamata klachi, wakiiga pikipiki za mashindano walizoziona mtandaoni. Hizo zina kihisi kwenye pedali kinachokata nguvu ya injini kwa sehemu ndogo ya sekunde ili meno yaachane na kuingia bila kugongana. Yako haina. Ukilegeza mkono wa mafuta kwa wakati kamili gia itaingia, nakubali, ila ukikosea kila siku kidogo kidogo, zile kona za meno ndizo zinazolika. Klachi ipo, itumie.

Juu zaidi ya hapo, Honda walianza mwaka 2010 kuuza pikipiki kubwa, VFR1200F, yenye klachi mbili zinazojiendesha na vitufe badala ya pedali, na baadaye wakauweka mfumo huo kwenye Africa Twin. Kwetu utazikuta zaidi kwa watalii wanaoikatiza Afrika. Kinachotufikia kwa kasi ni pikipiki za umeme, ambazo Kigali na Nairobi zimeshazizoea kwenye bodaboda. Nyingi hazina gia wala klachi. Aliyezoea injini ajihadhari na mambo mawili: chombo kilichowashwa kiko kimya, na mguso wa mkono wa mafuta unakiondoa hapo hapo, hivyo kizime kabla hujamshusha abiria au kukisukuma kwa mkono. Kwenye mteremko napo usitarajie mshiko ule ule wa injini. Baadhi zina mfumo wa kurudisha umeme unaopunguza mwendo, nyingine hazina, na yenye mfumo huo inaweza kuulegeza betri ikiwa imejaa. Ijaribu kwenye mteremko mfupi, bila abiria, kabla ya kuipeleka kwenye mrefu.

Na wewe unayeazimisha, chukua kalamu isiyofutika, uandike mpangilio wa gia zako kwenye kipande cha plasta ya umeme nyeupe, ukibandike karibu na spidomita: N-1-2-3-4, au 1-N-2-3-4-5, pamoja na mshale kuonyesha upande wa kukanyaga. Mwenzako akija kuuchukua ufunguo, mwonyeshe kwa kidole, umwache akanyage gia zote injini ikiwa imezimwa, ndipo umkabidhi.